Koko Alikuwa Anamusikia Tonton Kifuani Mwangu

Kila siku, tukimaliza kula chakula cha saa nane, koko alikuwa ananawa mukono wa kuume, anaupangusa kwa kikwembe chake, halafu anauweka kwenye kifua changu upande wa kushoto, chini kidogo ya mufupa wa bega. Alikuwa anafunga macho. Mimi sikuruhusiwa kusema neno. Mama alikuwa anaosha sahani nyuma ya nyumba, watoto wa jirani walikuwa wanapanda njia na bidoni zao za maji, wanasukumana na kutukanana, na sisi wawili tulibaki pale salon kama padri na mutu anayebarikiwa. Ila koko hakuwa anatoa baraka. Alikuwa anangojea habari.

Koko ni mama ya baba yangu. Mimi ni mutu wa haya. Mbele ya watu maneno yananikwama, hata prof akiniuliza kitu ninachojua. Kwenye kaye tu, na biki mukononi, ndiyo ninaweza kusema mpaka mwisho, kwa hiyo nitasema yote, hata pale ambapo nilifanya vibaya.

Moyo wangu ulikuwa wa polepole. Haukuwa unauma. Muganga wa hospitali alieleza kwamba chumba cha juu cha moyo kinatuma habari na chumba cha chini hakiipati, basi chumba cha chini kinapiga kinavyojua chenyewe, mara moja moja, na siku zingine kinachelewa sana. Kikichelewa, mimi ninaanguka.

Mara ya kwanza nilianguka nikiwa na miaka kumi, kwenye ngazi za udongo zinazopanda toka nyumba ya masomo hadi kwetu. Tonton, mudogo wa papa, ndiye alikuwa amekuja kunitwaa. Alinibeba mugongoni mpaka nyumbani, mulima wote, bila kupumzika. Nilipofungua macho kifua changu kilikuwa kimelala juu ya mugongo wake, shati yake ilikuwa imelowa jasho, na alikuwa ananisemesha bila kujua kama ninasikia: "We mutoto uko muzito! Banakukulishaka nini? Maharagi yote ya Walungu iko mu tumbo yako!" Nilicheka, na aliposikia nimecheka alikaa chini pale pale kwenye njia na kuanza kulia.

Watu walisema ni njaa, ao ni hofu ya examen. Tukaacha.

Mara ya mwisho nilianguka kwenye soko la Nyawera, nikiwa na miaka kumi na tano, mama amenituma kununua chumvi. Niliangukia fungu la tomate za mama moja. Alianza kupiga makelele kabla hajanitazama uso: "Yo! Tomate zangu! Mutoto analewa saa hizi?" Halafu alinitazama. "Kumbe iko nakufa! Leteni maji! Leteni maji, batu ya Mungu!" Alinimwangia maji na kunipepea kwa kikapo. Mama alipofika, yule mama alikuwa amenilaza kwenye magoti yake, na alikataa tulipe tomate.

Kisha pale papa hakukubali tena habari ya njaa. Tulivuka mupaka, tukaenda Kigali, na huko walinipasua kidogo chini ya bega la kushoto na kuniwekea pile ya moyo. Ni kitu cha chuma, kipana kama sanduku la kiberiti lakini chembamba kuliko hilo, na uzi wake unashuka ndani ya moyo. Chumba cha chini kikichelewa, pile inakipiga umeme kidogo: amuka. Toka siku ile sijaanguka hata mara moja. Ninamushukuru Mungu kwa ile. Ninaiandika hapa mbele ili mutu asifikiri mimi sina shukrani.

Lakini siku ya tatu kisha kurudi Bukavu, nyama ya kifua ilianza kuruka.

Ilikuwa inaruka na kila pigo. Kama mutu amewahi kuona jicho linacheza lenyewe, basi ni vile, lakini kwa nguvu, na haikomi. Nikisimama wima ilipungua. Nikiinama juu ya kaye, ao nikilala upande wa kushoto, ilikuwa inagonga mpaka bega lote linatetemeka. Mimi ninaandika kwa mukono wa kushoto. Kwenye kaye zangu za miezi ile unaweza kuona: kwa kila maneno mawili ao matatu kuna herufi moja imeruka toka kwenye mustari.

Papa alipigia muganga simu. Muganga alisema tusiogope. Umeme wa pile uliwekwa juu kidogo kwa miezi ya kwanza, mpaka kidonda kipone, na sehemu yake inatoroka inagusa musuli. Utapunguzwa. Hawapasui tena, ni machine tu wanaweka juu ya ngozi. Ila ile machine hatuna hapa, kuna fundi anayeitembeza ndani ya valise, na angekuja Bukavu akiwa na wagonjwa wa kutosha. Tukangojea.

Masomo waliona upesi. Ninakaa kwenye bango la pili toka mbele, na shati ya uniforme ni nyeupe na nyepesi. Msichana aliyekaa karibu nami aliona mufuko wa shati unaruka. Hakusema kitu wakati wa somo. Wakati wa récréation darasa lote lilijua.

"Eh, Vibreur!" kijana mumoja alipiga makelele. "Pokea basi! Chéri yako njo anakuita!"

"Muache, iko mu silencieux," mwingine akasema. "Haongeake, anavibrer tu."

Walicheka sana. Na kweli, yalikuwa mazuri yale maneno. Hata mimi ningecheka kama yangekuwa ya mwingine. Toka siku ile jina langu lilikuwa Vibreur, simu inayotetemeka bila kulia. Nilianza kuvaa puloveri hata jua likiwaka, na jasho lilikuwa linafika kwenye kidonda, linawasha.

Ni wakati ule koko alishuka toka kijijini kwetu Walungu kuja kunichunga, na maharagi yake, na viazi vya mateke, na kuku mumoja aliyefungwa miguu. Alipewa nusu ya kitanda changu, upande wa ukuta. Siku ya kwanza, mchana, tulijilaza kupumzika. Mugongo wake uligusa kifua changu. Aligeuka.

"Ni nini inanigonga?"

Nilimueleza habari ya pile. Alisikiliza muzuri.

"Bamekutia jiwe ya radio mu mwili?"

Kwetu jiwe la radio ni pile, ile unatia nyuma ya radio. "Njo vile, koko."

"Na radio bila jiwe haisemake."

"Haisemake."

Aliweka mukono wake pale mara ya kwanza. Alikaa muda murefu. Halafu alisema, polepole, kama mutu anayesoma barua: "Huyu ni mutoto yangu."

Hapa lazima nieleze mambo mawili.

La kwanza: koko anasoma mwili. Wazee wengi wa kule wanasoma, lakini koko anapita wengine. Ngozi ya juu ya jicho ikicheza, utaona mugeni. Ya chini ikicheza, utalia. Unyayo ukiwasha, kuna safari. Na kifua cha kushoto kikiruka, kuna mutu uliyemubeba ao aliyekubeba anayekuita.

La pili: tonton. Miaka mitatu kisha kunibeba kwenye ngazi, alienda kwenye mashimo ya dhahabu, upande wa Kamituga. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila siku ya Mungu, kisha misa, anaomba tumupe koko simu, anamudanganya kwamba amenona. Halafu simu yake ikaacha kuita. Kisha miezi, mwenzake mumoja wa shimo alikuja kwetu. Alikalia ncha ya kiti, kofia mukononi, akasema shimo lilianguka, na kwamba siku ile tonton alikuwa ndani. Hakumuona akiwa ndani. Alimuona akishuka tu. Mwili haukutoka.

Papa alitaka tufanye kilio. Kwa watu wa kijiji chetu, mutu akikufa na mwili ukakosa, wanakata mugomba, urefu wake sawa na wa yule mutu, wanauvika nguo, wanauzika, ili apate mahali. Koko alikataa. "Mutazika mugomba, na mutoto yangu atakuja kukuta kaburi yake mu shamba. Atakula wapi?" Sahani ya tonton, ya bati, yenye ua jekundu, ilibaki inaoshwa na zingine.

Na sasa mimi, aliyebebwa mugongoni kwake, kifua changu juu ya mugongo wake, nilikuwa na jiwe la radio mwilini, na kifua kilikuwa kinaruka. Ukiyapanga vile koko aliyapanga, hakuna mahali pa kukosoa.

"Mama," papa alimuambia siku ile ile mezani, "ile ni courant tu. Muganga amesema."

"We ulisoma mingi," koko alijibu. "Lakini mi njo nilimuzala."

Papa ni mwalimu wa université. Akaendelea kula.

Kwa hiyo kila siku saa nane kulikuwa mukono. Koko alikuwa anasikiliza, halafu anatuambia. Leo amechoka. Leo iko na furaha, anagonga mbio mbio. Nilikuwa nimetoka kupanda ngazi, moyo ulikuwa unaenda mbio, nilijua ni kwa sababu gani, na nilinyamaza. Koko alianza kunona. Alianza kuimba nyuma ya nyumba. Mama alisema hakumusikia akiimba toka habari ile ya shimo. Alinunua hata shati kwa wauza nguo zilizokwisha kuvaliwa, shati ya mwanaume, akaikunja chini ya muto wetu.

Nilidanganya. Kuna siku kifua kilikuwa kinatulia, hasa kama nimekaa wima muchana wote, na koko alikuwa anauliza nikirudi: "Leo kule masomo aligonga?" Nilikuwa ninasema: "Aligonga, koko. Mara mingi." Wakati mwingine nilikuwa ninaongeza: "Saa ya hesabu njo aligonga sana." Na koko anacheka: "Hakupenda hesabu hata kidogo! Njo anakuonea huruma." Hakuna aliyenilazimisha. Toka nilipoanza kuanguka nilikuwa mutoto wa kubebewa kartable ya vitabu, wa kuulizwa kila saa "unasikia je?" Na sasa mutu alikuwa ananingojea mulangoni kwa sababu nilikuwa na kitu cha kumupa. Nilipenda. Ninaliandika lilivyo: nilipenda.

Lakini mwili ulichoka. Nyama ikiruka mara elfu nyingi kwa siku inauma kama umebeba mizigo. Nilikuwa ninalala nimekaa, na mito mugongoni. Na ikafika siku prof wa kifaransa aliniita mbele kusoma. Nilisimama na kitabu, nikainama kidogo ili nione, na bega likaanza. Kitabu kilikuwa kinaruka mukononi. Nilisikia mutu mumoja nyuma anafanya kwa mudomo, chini chini: "Vrr. Vrr. Vrr." Halafu bango lote. Prof aliuliza ni nini. Mimi sikuweza kusoma tena hata neno moja. Nilisimama pale nikilia na kitabu kinaruka.

Mama alipoona vile nilirudi, alipigia muganga simu mwenyewe. Wiki mbili kisha pale, siku ya tano ya juma, asubui, tuliambiwa fundi amefika hospitali, na mama akanipeleka.

Alikuwa mwanaume mupole, mwenye mustashi mudogo, na valise kama ya mutu anayeenda ndoa. Aliifungua, ndani kulikuwa machine yenye kioo. Aliniwekea kitu cha duara juu ya pile, juu ya shati, na akaanza kugusa kioo kwa kidole.

"Inaruka sasa?"

"Inaruka."

"Na sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Kidogo."

Alinitazama. "Tunaweza kuacha hapa. Moyo iko anafanya kazi bien. Hii yenye imebakia utaisikia tu ukilalia upande ule, hata haitakuumiza. Ao niteremushe tena?"

Hapa ndipo ninarudi kila mara. Kidogo kile kingetosha. Mukono wa koko ungekisikia. Ningelala kwa mugongo usiku, ningekaa wima masomo, na saa nane ningelalia upande wa kushoto dakika kumi, na tonton angebisha. Nilimuona koko kichwani mwangu, wazi kabisa, ananawa mukono. Fundi alingojea, kidole juu ya kioo.

"Teremusha," nilisema.

"Hata hii kidogo?"

"Teremusha yote."

Sijui kama nimewahi kusema neno kwa sauti vile mbele ya mutu nisiyemujua. Aligusa kioo. Nyama ikatulia. Ilikuwa kama mutu alikuwa anasema sikioni mwako miezi mine na ameacha katikati ya neno.

Nje mama alininunulia mandazi mawili ya moto. Nilikula yote nikiwa natembea, sukari kwenye midomo, na nilikuwa na furaha. Furaha ile iliisha kwenye mulango wetu, kwa sababu koko alikuwa amesimama pale.

Tulikula. Alinawa. Aliweka mukono.

Nilitazama ukuta. Kulikuwa kalenda ya parokia na mjusi mudogo juu yake. Mjusi aliondoka, na koko bado hajafungua macho. Mwishoni alisema: "Amelala."

Kesho yake, siku ya posho, alisema: "Iko ndani sana, hasikie." Siku ya Mungu tulitoka misa, akanawa mara mbili, akajaribu mukono wa kushoto. Siku iliyofuata alipasha mafuta ya mawese moto kidogo, akanipakaa pale, kama mutu anayefungua mulango uliokwama. Hakuniuliza tena habari ya masomo. Na mimi nilikuwa nikiandika mustari unaenda sawa, kila herufi mahali pake, na sikuweza kuutazama.

Siku ya sita toka fundi apite, nilifanya hivi. Aliweka mukono, na mimi nikakaza nyama ya kifua, nikaiacha, nikakaza, nikaiacha. Nilikuwa nimejifunza chumbani mbele ya kioo. Uso wa koko uliwaka. Ulikaa vile muda wa kuvuta pumzi moja.

Halafu alitoa mukono.

"Uko najifanyisha," alisema.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Nilianza kulia, na katika kulia maneno yote yalitoka: valise, kioo, kidole, "teremusha yote." Na zile siku nilimudanganya kwamba aligonga. Nilimuambia haikuwa tonton hata siku moja, ilikuwa umeme, koko, ilikuwa umeme tu. Alinisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Bamemuzima na machine?"

"Bamezima courant, koko."

"Basi muende bamuwashe."

Nilipangusa uso kwa shati.

"Si iko na kitu ya kuteremusha? Haikosake kitu ya kupandisha. Muende bamuwashe, mutoto yangu. Kidogo tu."

Nilimufuata papa kwenye meza yake, pale anapokosoa kazi za wanafunzi. Nilimuuliza kama inaweza kurudishwa. Alitoa miwani. Aliniuliza kwa nini ninataka kurudisha maumivu, nikamueleza. Alichezea biki nyekundu.

"Fundi amesharudi ngambo ya mupaka," alisema. Halafu, akitazama karatasi: "Hata mi, unajua, pale tuko nakula, nilikuwaka naangalia shati yako."

Alisimama, akaenda kukaa karibu na koko chumbani. Sikusikia walichosema, walikuwa wanaongea mashi, lugha ya kwetu, chini sana. Nilisikia tu papa anapenga pua. Walipotoka koko alikuwa ameshika ile shati ya wauza nguo.

"Mukate mugomba," alisema.

Tulienda Walungu siku ya posho iliyofuata. Mimi nilivaa shati ya uniforme, kwa sababu ndiyo nyeupe niliyo nayo. Shamba la koko liko kwenye muteremuko nyuma ya nyumba, na migomba inaanzia pale pale kwenye jiko. Wanaume walichagua mumoja wakauangusha, na hapo ugomvi ukaanza, kwa sababu mugomba lazima uwe na urefu wa mutu, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake.

"Alinipita na kichwa," papa alisema.

"Kichwa gani? Mulikuwa sawa," shangazi alisema.

"Sawa na nani? Ule alikuwa anainama kwa kupita mulango wangu!" Huyo alikuwa jirani.

"Mulango yako hata mbuzi inainama."

Walicheka, hata papa, halafu wakakumbuka kwa nini tuko pale. Koko aliniita.

"Kuja. Siku alikubeba, miguu yako ilifika wapi?"

Watu wote walinitazama. Nilisema kwamba viatu vyangu vilikuwa vinagonga magoti yake, na kidevu changu kilikuwa kwenye shingo yake, hapa, chini ya nywele. Koko alitwaa kamba ya mugomba. Alipima papa toka kisigino hadi goti. Akaita binti ya shangazi, mwenye miaka kumi, akamupima toka kidevu hadi unyayo, wakati yule mutoto anacheka kwa sababu kamba inamutekenya. Akapunguza kidogo kwa sababu nilikuwa nimekunja miguu. Akaongeza kichwa. Akaweka kamba juu ya mugomba na kuonyesha kwa panga: hapa.

Ulikuwa mufupi kuliko alivyosema papa, mufupi hata kuliko alivyosema shangazi.

"Alikuwa vile tu?" papa aliuliza.

"Mulikuwa munamurefusha juu ya vile hayuko," koko alisema.

Waliukata. Koko aliuvika ile shati mwenyewe, akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka juu. Sahani yenye ua jekundu aliiweka pale ambapo pangekuwa mikono. Shimo lilikuwa tayari, karibu na jiko, kwa sababu alitaka asikie harufu ya chakula. Catéchiste alisali. Wakati wanaume wanainama kuubeba, koko aliwazuia kwa mukono.

"Mutoto hajamuaga," alisema. Alinigeukia. "Mulalie mugongo."

Nilitazama papa. Papa alitazama chini. Nilipiga magoti kwenye majani, nikalala juu ya ule mugomba, kifua changu juu ya mugongo wake, kidevu changu pale ambapo pangekuwa shingo. Ulikuwa baridi na wenye maji. Mimi mwenye haya nililala pale mbele ya kijiji kizima na sikusikia haya. Nilikuwa ninasikiliza. Moyo ulikuwa unapiga, sawa sawa, pile inafanya kazi yake. Nyama haikuruka hata mara moja. Nilingojea muda murefu kuliko uliofaa, mpaka shangazi akanishika bega.

Walimuzika.

Jioni ile, tulipokuwa tunajitayarisha kushuka mujini, koko alisema yeye anabakia. Mama ndiye aliona shati yangu. Maji ya mugomba yalikuwa yameingia mbele, upande wa kushoto, na yalikuwa yameanza kugeuka meusi. Mama alisema tutajaribu ndimu na chumvi. Koko alikuja karibu, akaweka kidole gumba pale kwenye doa, juu ya kidonda, juu ya pile. Hakufunga macho.

"Hii haitokake," alisema.

"Najua, koko."

Tulijaribu ndimu. Siku ya kwanza ya juma niliivaa masomo na doa lake, bila puloveri.